Penye Sonona, Njia Hutangulia Nia

Kuna habari ambayo kila baada ya miezi kadhaa hurudi mtandaoni ikiwa imevaa nguo mpya: daktari, badala ya kuandika vidonge, ameandika sanaa. Mwaka 2018 ilikuwa Montreal, Kanada, ambako jumba la makumbusho ya sanaa lilielewana na chama cha madaktari wanaozungumza Kifaransa ili mgonjwa mwenye cheti chao aingie bila kulipa. Mwaka 2021 ikawa zamu ya Brussels. Mwaka 2025 mji wa Neuchâtel, Uswisi, nao ukaingia kwenye majaribio. Huko Uingereza, utaratibu wa kumwelekeza mgonjwa kwenye kwaya, bustani au darasa la uchoraji uliwekwa kwenye mpango wa muda mrefu wa huduma ya afya ya taifa mwaka 2019. Kila habari hii inapotua, wasomaji hujipanga safu mbili zilezile. Safu ya kwanza hushangilia: tulisema sisi, sanaa inaponya, vidonge ni biashara ya watu. Safu ya pili hukasirika: mtu anashindwa hata kuinuka kitandani, nanyi mnampa brashi?

Safu zote mbili zina kosa moja, nalo ni kuihesabu sanaa kama kidonge, mmoja akikisifu na mwingine akikitema. Ninavyoona mimi, kazi ya ubunifu haiondoi sonona, ule ugonjwa ambao Kiingereza huuita depression, kama dawa inavyoua vijidudu, na wala si kitu cha kumpumbazia mgonjwa. Thamani yake iko kwenye mpangilio wa mambo. Inampa mtu kitu cha kufanya kabla hajataka kukifanya, na hamu huja nyuma ya kitendo, tena kwa kuchelewa. Lile "kusudi jipya la maisha" wanalolisimulia waliopona mara nyingi ni tunda la mwisho kuiva. Tukilidai mwanzoni, tunamwongezea mzigo mtu aliyekwisha kuelemewa.

Tuanze na neno lenyewe, maana mkanganyiko unaanzia hapo. Katika mazungumzo ya kila siku kila kitu tunakiita msongo wa mawazo: deni, mtihani, ndoa inayoyumba, na ugonjwa huu pia. Msongo una kitu kinachosonga. Kikiondoka, mtu hupumua. Sonona inaweza kuanza na kitu kama hicho, lakini hubaki hata kitu chenyewe kikishaondoka, na kuna siku huja bila kualikwa na chochote. Madaktari huanza kuitaja pale dalili zinapodumu angalau wiki 2, karibu kila siku na kwa sehemu kubwa ya siku, na katika dalili hizo mbili ndizo mlango: moyo mzito usioinuka, au kupotea kwa hamu na raha ya mambo ambayo mtu aliyapenda. Nyingine huingia kupitia hapo: usingizi kuvurugika, chakula kutopita, uchovu, kushindwa kutulia kwenye jambo, kujiona si kitu, mawazo ya kifo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu wapatao milioni 332 wanaishi na hali hii, na kwamba wanawake huipata zaidi ya wanaume kwa karibu nusu. Asiyeipitia hudhani dalili kuu ni machozi. Walioipitia watakuambia kwamba machozi yangekuwa nafuu. Kinachotisha ni kukitazama kitu ulichokuwa ukikipenda na kuona kama unatazama ukuta.

Wahenga walisema penye nia pana njia, na kwa mtu mwenye afya methali hiyo inafanya kazi vizuri tu. Tatizo ni kwamba sonona hushambulia nia yenyewe. Kumwambia mgonjwa wa namna hii "ukiamua utaweza" ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu atembee mpaka hospitali akafungwe plasta. Watafiti waliliona hili zamani. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Peter Lewinsohn, aliieleza sonona kama mduara: mtu hujitenga na shughuli, kujitenga kunamnyima yale madogo yaliyokuwa yakimtia moyo, kunyimwa huko kunamzamisha, naye huzidi kujitenga. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake waliichukua tiba ya maongezi iliyokuwa ikisifika sana wakati huo, wakaitenganisha vipande, wakakuta kipande cha kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli, kikiachwa peke yake, kilifanya kazi sawa na tiba nzima. Miaka 20 baadaye, mwaka 2016, jarida la Lancet lilichapisha jaribio lililofanyika Uingereza kwa watu wazima 440 wenye sonona. Nusu yao walihudumiwa na wataalamu waliobobea katika tiba ya maongezi inayochambua fikra. Nusu nyingine walipata tiba hii ya kupanga vitendo kutoka kwa wahudumu wa ngazi ya chini waliopewa mafunzo mafupi. Matokeo ya kundi la pili hayakuwa duni kuliko ya kundi la kwanza, na gharama yake ilikuwa ndogo. Kanuni ya tiba hiyo inaingia kwenye kiganja: usisubiri kujisikia ndipo ufanye. Panga kitendo kidogo, kipe saa na mahali, kifanye ukiwa na moyo uleule mzito, kisha andika ulikuwaje kabla na ulikuwaje baada. Njia kwanza. Nia itakukuta mbele ya safari.

Nitajitaja mara moja tu katika makala hii. Miaka kadhaa iliyopita nilipougua, watu wema walinishauri niandike, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoijua. Daftari lile ninalo hadi leo. Kurasa 11 za mwanzo zina tarehe peke yake, juu kulia, kwa mwandiko unaozidi kupungua ukubwa. Ukurasa mweupe ndipo mahali nilipozoea kujihukumu. Kunirudisha pale kulikuwa kunirudisha kizimbani. Mtaalamu aliyekuwa akinihudumia, juu ya dawa nilizokuwa nikimeza, alinipa kazi nyingine kabisa: kila asubuhi, kabla ya kukiosha kikombe cha chai, nikichore kwa dakika 10. Sijui kuchora. Kikombe cha kwanza kilifanana na ndoo iliyokanyagwa na gari. Baada ya siku kadhaa nilianza kuupata mwili wake, lakini mkono wa kikombe ulinishinda. Kila nilipouchora ulitoka kama sikio lililobandikwa na gundi, kwa sababu nilikuwa nachora mkono ninaoujua kichwani, wakati ule uliokuwa mbele yangu, kwa pembe niliyokaa, ulionekana kama kijiti kilichopinda tu. Wiki ya tatu nikajikuta bafuni, maji yanatiririka, nimeudhika na ule mkono. Kuudhika! Ilikuwa imepita miezi tangu kitu chochote kilicho nje yangu kiniguse kiasi hicho. Mtaalamu alipolisikia alilinukuu kwenye faili lake. Mimi niliona ni upuuzi.

Msomaji ana haki ya kuuliza: kwa nini kuchora, kufuma, kufinyanga au kuimba, na siyo kufagia uwanja au kutembea? Kutembea ni kuzuri, na ushahidi wa mazoezi ya mwili katika kupunguza sonona ni mkubwa kuliko ule wa sanaa. Anayeweza kutembea atembee. Lakini kazi ya ubunifu ina tabia zake. Inaacha kielelezo. Sonona ni wakili hodari wa upande mmoja, kila jioni husimama na kudai kwamba hujafanya lolote na hufai kwa lolote. Kitambaa chenye mistari 14 ya kufuma kinaweza kudharauliwa mbele ya wakili huyo, ila hakiwezi kukanwa. Tena kosa ndani yake hufumuliwa: umeruka kitanzi, unavuta uzi, unarudi mistari miwili, unaanza tena, na hakuna aliyekufa. Kwa mtu aliyeshawishika kwamba makosa yake hayana marekebisho, hilo ni somo linaloingia kupitia vidole, bila hotuba. Kisha kuna suala la kucheua. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alitumia miaka mingi kuonyesha jinsi tabia ya kulirudia wazo moja la huzuni, kulitoa na kulitafuna upya kama ng'ombe, inavyorefusha na kuzidisha sonona. Anayehesabu vitanzi hana nafasi kubwa ya kucheua. Akicheua, hesabu inapotea na kitambaa kinamsema.

Mfano ninaoupenda kuliko makumbusho yote ya Ulaya uko Harare. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, alianzisha mpango unaojulikana kama Benchi la Urafiki: wanawake wa mtaani, wengi wao wenye umri wa bibi, wakafundishwa kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kulikabili tatizo moja baada ya jingine. Matokeo ya jaribio lake kwa watu 573, yaliyochapishwa mwaka 2016 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, yalionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliopitia benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Jambo ambalo husahaulika habari hii inaposimuliwa ni kwamba kulikuwa na sehemu ya pili. Walioanza maongezi hayo walikaribishwa kwenye vikundi vya wenzao, na humo, huku wakizungumza, walifuma mifuko kwa plastiki iliyokwisha kutumika. Hakuna anayeweza kupima ni kiasi gani cha nafuu kilitoka kwenye benchi na kiasi gani kwenye mfuko. Lakini tazama mpangilio. Kwanza mtu wa kukusikiliza, halafu kitu cha kushika mkononi, halafu watu wa kukaa nao mnaposhika. Hakuna aliyeulizwa kusudi lake la maisha ni nini kabla ya kupewa plastiki.

Sasa tuje kwa wanaopinga, na nianze na pingamizi zito. Ushahidi, wanasema, ni mwepesi. Wako sahihi kwa sehemu kubwa kuliko wapenzi wa sanaa wanavyopenda kukiri. Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti iliyokusanya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na tangu hapo namba hiyo imekuwa ikipeperushwa kama bendera ya ushindi. Lakini ripoti ile ilikuwa ramani ya eneo zima, yenye tafiti kubwa na ndogo, imara na legelege, kuhusu maradhi ya kila aina. Huwezi kuisoma kama hukumu kuhusu sonona. Kuna pia utafiti wa 2016 unaonukuliwa kila mahali, uliodai kwamba dakika 45 za kuchezea rangi na udongo hushusha kotisoli, homoni inayopanda mwili unapokuwa chini ya shinikizo, kwa robo tatu ya washiriki. Ulikuwa na watu wazima 39 na haukuwa na kundi la kulinganishia. Huenda wangekaa tu kwenye kiti dakika 45 nayo ingeshuka vilevile. Na mwaka 2012 jarida la BMJ lilitoa matokeo ya jaribio zito la tiba ya sanaa ya kikundi kwa watu 417 wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au kuamini yasiyokuwepo, na haikuonekana faida. Skizofrenia si sonona, ndiyo, lakini atakayenukuu yale yanayompendeza na kulificha hili anafanya biashara, hafanyi uchambuzi. Upande wa sonona yenyewe, mapitio ya 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, kuhusu tiba ya muziki yalijumuisha tafiti 9 zenye watu 421, yakakuta kwamba muziki ukiongezwa kwenye matibabu ya kawaida unaleta nafuu zaidi kwa muda mfupi kuliko matibabu hayo peke yake. Neno la kushika hapo ni "ukiongezwa".

Pingamizi hili nalikubali, ila nadhani linapiga madai ambayo sitetei. Linamwangusha anayesema sanaa ni dawa. Halimgusi anayesema kwamba kitendo kidogo, chenye saa na mahali, ni sehemu ya tiba ambayo imepimwa vizuri, na kwamba kazi ya ubunifu ni namna mojawapo ya kukipata kitendo hicho. Kutoka hapo inafuata pia jambo lisilowapendeza wapenzi wa sanaa: kama kinachofanya kazi ni mpangilio, basi kumpa mtu tiketi ya makumbusho na kumwacha aende akijisikia ni kumpa njia ya kwenda mahali ambapo nia ndiyo nauli.

Hoja dhaifu kuliko zote inatoka kwa wasanii wenyewe, nayo ndiyo yenye madhara. Wanasema mateso ndiyo chemchemi ya sanaa, na anayemeza dawa anaikausha. Watamtaja Vincent van Gogh, bila shaka. Basi tumtaje. Kati ya Mei 1889 na Mei 1890 alikaa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, na katika mwaka huo alichora picha zipatazo 150. Namba hiyo huwapumbaza watu. Alizichora katika vipindi vilivyokuwa kati ya mashambulizi; ugonjwa ulipomkamata sawasawa, wiki zilipita karibu bila kazi, na barua zake kwa mdogo wake Theo zimejaa uchungu wa mtu anayeibiwa siku. Kazi tunayoisifu ni ya siku alizopata ahueni, na ugonjwa tunaousifu ndio uliomuua akiwa na miaka 37. Huko Sweden, watafiti wakiongozwa na Simon Kyaga walichapisha mwaka 2013 uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa karibu milioni 1.2 na ndugu zao. Walikuta watu wa kazi za ubunifu, kwa ujumla wao, hawaugui maradhi ya akili zaidi ya wengine, isipokuwa ugonjwa wa hisia mseto, ule wa kuyumba kati ya msisimko uliopitiliza na huzuni nzito. Waandishi ndio walioonekana kuwa na hali mbaya zaidi, sonona ikiwemo, na jambo hilo mimi sina raha ya kuliripoti. Hata hivyo halithibitishi kwamba ugonjwa huandika vitabu. Daftari langu lenye kurasa 11 za tarehe tupu ni mchango wangu mdogo kwenye mjadala huo. Ukitaka msanii wa kumtazama, mtazame Yayoi Kusama wa Japani, ambaye tangu 1977 anaishi kwa hiari yake katika hospitali ya magonjwa ya akili jijini Tokyo na kwa miongo mingi amekuwa akienda kufanya kazi studio iliyo karibu. Hospitali haikumkausha. Ilimpa ratiba.

Inabaki ile biashara ya kusudi. Simulizi za kupona zinazosambaa zina umbo moja: niliugua, nikagundua kipaji, leo nina chapa yangu na wafuasi kadhaa. Sina ugomvi na wenye bahati hiyo, ila simulizi hupangwa kuanzia mwisho, na anayeisoma akiwa gizani huiona kama sharti: huponi mpaka ugundue kipaji. Kuna jaribio la zamani linalonijia kila ninapoziona. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake waliwachukua watoto wadogo waliopenda kuchora, wakawaahidi baadhi yao cheti cha "Mchezaji Mzuri" wakichora. Wote walioahidiwa walipewa. Wiki moja hadi mbili baadaye, vifaa vilipowekwa mezani tena bila ahadi yoyote, watoto wale walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Zawadi ilikuwa imeila hamu. Sasa mfikirie mtu ambaye hamu yake ndiyo kwanza imechipua majani mawili, nasi tunamwambia aiweke picha mtandaoni tuone watu watasema nini. Kuandika nako kuna mtego wake. Tangu James Pennebaker alipochapisha majaribio yake mwaka 1986 watu wamehimizwa kuandika machungu yao, lakini washiriki wake waliandika dakika 15 kwa siku 4, wakaacha, na mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Anayefungua daftari kila usiku kwa miezi ili asimulie upya dhuluma ileile huenda yuko anacheua kwa kalamu.

Haya yana maana kwa anayepanga huduma. Fedha nyingi za miradi ya sanaa na afya hupenda kununua vitu vinavyopigwa picha: rangi, turubai, maonyesho ya mwisho wa mwaka ambapo mgonjwa husimama kando ya kazi yake akipongezwa na wageni. Kinachohitaji fedha ni kile kisichopigwa picha, yaani mtu anayelipwa kuwepo kila Jumanne saa ileile, anayejua kutambua mshiriki anapozama, na mwenye njia fupi ya kumfikisha kwa daktari. Mtu mwenye mawazo ya kujiua hapelekwi kwenye darasa la kufinyanga; anafikishwa kwa wahudumu wa afya siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake njiani. Dawa nazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, na wengi hawapati nafuu kamili kwa dawa ya kwanza. Wiki hizo za kungoja ndizo ambazo kitendo kidogo kina nafasi kubwa ndani yake. Anayeacha vidonge kwa sababu wiki hii kitambaa kimependeza anacheza na moto, maana sonona ina tabia ya kurudi, na wengi waliopona mara ya kwanza huiona tena.

Kwa ndugu na marafiki, swali la "umeshajua unataka kufanya nini na maisha yako?" liwekwe kabatini kwa muda. Waulize uzi umeishia wapi. Na kwa daktari anayeandika sanaa kwenye cheti, aandike kama anavyoandika dawa nyingine: kiasi gani, siku gani, saa ngapi, kwa wiki ngapi kabla ya kurudi kuonana naye. Pale ambapo vidonge huandikwa "mara mbili kwa siku", pawepo na jina la mtu atakayefungua mlango, pamoja na siku atakayokupigia simu usipotokea.